Barua Zisizo na Namba

Chumba cha Majaribio
4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, na kile kikohozi ulichonikuta nacho ulipokuja kutukagua kimekwisha. Msalimie wifi, mwambie kitambaa chake nimekipata ila rangi si ile aliyoitaka, asije akaninunia.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu, na tafadhali soma ukiwa umekaa. Kazi yangu unaijua. Mtungi mtupu unaletwa, naujaza maji, naufunga kwenye mashine, napandisha presha mpaka geji isome thelathini, nasubiri dakika moja. Ukivuja, unatupwa. Ukistahimili, nagonga chapa yangu, kumi na saba, pale shingoni, unakwenda kujazwa gesi na kuingia jikoni kwa mtu. Zamani katika kila mitungi mia nilikuwa natupa mitatu au minne. Tangu walipotubadilishia geji mwezi wa kumi na moja, Kaka, sijatupa hata mmoja. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani mafundi wa kuchomelea wamekuwa hodari. Halafu nikaanza kuogopa.

Jana fundi wa boila kaniazima geji yake. Nikazifunga zote mbili kwenye bomba moja, nikapandisha presha. Yetu ikasoma thelathini. Yake ikasoma kumi na tisa. Nikarudia mara nne nikitumaini nimekosea mimi. Maana yake ni kwamba miezi minne yote hii nimekuwa napima mitungi kwa presha ya kubembelezea, kisha naigonga chapa kwamba imepita.

Nilikwenda kwa msimamizi wa zamu. Hata kuja kuangalia hakuja. Akaniuliza, "Fomu inataka nini?" Nikasema inataka geji imesoma ngapi. "Na imesoma ngapi?" Nikasema thelathini. "Basi andika thelathini, mbona unajitafutia makubwa?"

Ningeandika taarifa leo hii niipeleke masijala ya makao makuu, ila nakumbuka ulichoniambia pale getini ukiwa umeshika mlango wa gari. Ulisema, "Kidole, kabla hujapeleka kitu masijala, nione mimi kwanza. Kikishapewa namba pale, mkubwa ana siku saba za kuchukua hatua, na mkubwa hapendi kuhesabiwa siku." Basi ndiyo nakuona wewe kwanza. Wewe ndiye Mkuu wa Ubora, na kabla ya ukuu huo ni kaka yangu. Sema tufanye nini, nami nitafanya.

Mdogo wako,
Kidole


Makao Makuu
11 Machi

Mdogo wangu Kidole,

Marahaba. Barua yako dereva wa lori ameniletea, iko hapa mezani. Sijapata nafasi ya kukaa nayo. Wiki hii tumezungukwa na wageni wa kila aina, na Mkurugenzi hataki kuona mtu ameinamia karatasi zaidi ya zile alizompa yeye. Amenidokeza kwamba kiti cha naibu wake kitakuwa wazi mwezi wa sita. Usimwambie mtu, hata wifi yako bado sijamwambia, maana ataanza kuchagua mapazia.

Nimecheka peke yangu nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha. Nimemkumbuka yule mtoto aliyekuwa anatia kidole kwenye kila sufuria kujua kama kumeiva, akiungua analia, kesho yake anatia tena. Punguza, mdogo wangu. Fanya kazi yako kama fomu inavyotaka, mengine yana wenyewe.

Ukiandika tena, mpe dereva mkononi, usipitishe posta ya ofisi. Barua za ndugu hazina haja ya kupita mikononi mwa makarani.

Kaka yako


Chumba cha Majaribio
15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Umesema hujakaa na barua yangu. Basi hii ya pili usiiweke mezani, isome umesimama hivyo hivyo mlangoni.

Jumatatu, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua mitungi kumi ambayo nilikwishaigonga chapa. Nikaipima upya kwa geji ya fundi wa boila, thelathini ya kweli. Mitatu ilivuja kwenye mshono. Mmoja maji yaliruka mpaka yakanilowesha kifua. Mitatu kwa kumi, Kaka! Na iliyokwisha kutoka hapa tangu mwezi wa kumi na moja ni elfu nne na ushee. Sijui iko majikoni kwa nani.

Mmoja najua uko kwa nani. Ule niliompelekea Mama mwezi wa kwanza, zawadi yangu ya mshahara wa kwanza baada ya kupandishwa daraja. Niliupima mwenyewe kwa geji hiyo hiyo. Nimeshindwa kumwandikia, kwa sababu Mama ukimwambia jambo dogo anakesha, na likizo mimi siwezi kupata kabla ya mwezi wa tano. Wewe uko nusu saa tu kutoka kwake. Nakuomba, hata kama mengine yote yatasubiri, nenda ukamtolee mtungi ule.

Kuna jambo lingine linanichoma, afadhali niliseme. Naendelea kugonga chapa. Kila asubuhi nashika nyundo najiambia, Kaka keshapata barua, wiki hii itatoka amri ya kusimamisha mashine. Nikigoma peke yangu watamweka mwingine mahali pangu, na huyo hata geji ya pili hatakuwa nayo. Ndivyo ninavyojiambia. Usiniache nikajiambia hivyo muda mrefu.

Kidole


Makao Makuu
24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ya pili nayo imefika salama. Nimeiweka pamoja na mwenzake. Nikitulia nitakaa nazo zote mbili.

Juzi Jumamosi nilipita kumwona Mama. Hajambo kabisa, usiwe na wasiwasi naye hata kidogo. Ualimu haujamtoka, ameandika kwa rangi tarehe ya kununuliwa kwenye kila kitu mle ndani, mpaka mpini wa ufagio. Nilimtania kwamba mimi mwenyewe naogopa kukaa sana, nisije nikapakwa rangi. Alicheka mpaka akatoa machozi.

Uwe na subira. Unafanya kazi nzuri na watu wanaiona.

Kaka yako


Nyumbani
19 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu ndefu, utanisamehe.

Jumatano asubuhi Shangazi wa kantini ameungua. Huyo huyo tunayemwita Shangazi kiwanda kizima, anayekuwekea sahani ya peke yako kila ukija kutukagua. Alikuwa kwake, anataka kuchemsha chai kabla ya kuja kazini. Alikuwa na mtungi alioununua dirishani kwetu wiki tatu zilizopita, kama tunavyonunua wafanyakazi wote. Gesi ilikuwa imevuja kwenye mshono. Alipowasha kiberiti moto ukamrukia. Ameungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na shavu la kushoto. Jirani alimfunika kwa blanketi lililolowa, la sivyo tungekuwa tumekwisha mzika.

Nilikwenda hospitali. Mikono imefungwa bandeji, minene kama mito ya kitanda. Aliponiona aliniuliza kama nimekula. Nilitoka nikasimama kwenye korido nikalia mpaka muuguzi akanifukuza.

Mtungi umeletwa kiwandani ndani ya gunia. Umekuwa mweusi wote, lakini shingoni inasomeka: kumi na saba. Msimamizi wa zamu ndiye aliyewaonyesha kwa kidole. Nimesimamishwa kazi tangu juzi, na kamati ya uchunguzi inakuja kutoka huko kwenu. Wanasema mpimaji alizembea, na kwamba mzembe wa namna hii hupelekwa polisi.

Sasa ndio wakati wako, Kaka. Waambie nilikuandikia tarehe nne Machi, na tarehe kumi na tano Machi. Wape barua wazisome. Sikuombi unisafishe, kwa maana nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nakuomba useme tu kwamba nilisema. Na mashine ile isimamishwe, kwa sababu leo kuna mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu na geji ni ile ile.

Kidole


Nyumbani
29 Aprili

Kaka,

Siku kumi sasa, kimya.

Kamati imenihoji jana. Ni watu watatu, wamekaa nyuma ya meza ya kantini, jikoni nyuma yao hakuna mpishi. Niliwaambia nilitoa taarifa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaniuliza kwa upole kabisa, "Namba yake ya masijala ni ngapi?" Nikasema haina namba, niliipeleka kwa Mkuu wa Ubora mwenyewe. Wakaangaliana. Akasema, "Binti, tumekwisha muuliza Mkuu wa Ubora. Anasema ofisi yake haikupokea taarifa yoyote."

Nilikutetea papo hapo. Nikasema labda swali halikueleweka, labda mlimuuliza ofisi badala ya kumuuliza yeye. Niambie kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kidole


Makao Makuu
6 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikujibu kama ndugu, si kama mtu aliyetishwa. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Swali lilieleweka. Ofisi haikupokea taarifa. Mimi mwezi Machi nilipokea barua mbili kutoka kwa mdogo wangu, kwa mkono wa dereva, juu zimeandikwa "Kaka". Sikuzifungua. Ziko kwenye boksi la viatu kabatini, zimefungwa vilevile, na kamati ikitaka kuziona itaziona. Niliwaambia la ofisi tu, na wakitaka niape kwamba sikuzifungua nitaapa.

Najua itakuuma. Lakini hujawahi kukaa huku juu. Huku mtu hapandi kwa anachokijua. Anapanda kwa kile anachoweza kuapa kwamba hakukijua. Mkurugenzi aliniambia siku ya kwanza niliyoshika ofisi hii, "Usiniletee jambo ambalo nikilijua itabidi nifanye kitu." Nami naibu wangu nimemwambia hivyo hivyo, na yeye nadhani kawaambia walio chini yake. Hakuna aliyeanzisha, tumeikuta. Ningefungua barua yako, ningekuwa nimejua. Ningejua, ningetakiwa kusimamisha mashine na kurudisha mitungi elfu nne kutoka mitaani, na kabla ya hapo ningeondolewa mimi na kuwekwa mtu ambaye hajui kusoma kabisa. Kwa hiyo ingesaidia nini?

Sasa sikiliza nilivyokupangia. Kubali kwamba ulikuwa umechoka. Ulifanya zamu mbili mfululizo mwezi ule, daftari la zamu linaonyesha, na uchovu si jinai. Watakupa onyo, watakuhamishia stoo ya vifaa. Polisi haitaingia. Nimekwisha zungumza na watu wawili na wamekubali. Mwezi wa sita nikikaa kwenye kiti nilichokuambia, nitakurudisha, na geji itabadilishwa kimyakimya bila makelele.

Shangazi nitamtumia chochote. Wewe nitakulinda, kama nilivyokulinda siku zote. Ila barua usiitaje tena.

Kaka yako akupendaye


Nyumbani
7 Mei, nampa dereva wa basi la asubuhi

Mama,

Shikamoo. Ukipata karatasi hii, kabla hujamaliza kuisoma, usiwashe gesi. Funga mtungi, fungua madirisha yote, uutoe nje, umwombe jirani akusaidie kuubeba. Usiwashe hata kiberiti.

Nilimwomba Kaka aje autoe tangu Machi, nikatulia nikijua umetoka. Jana ameniandikia kwamba barua hiyo hakuifungua. Maana yake umepikia mtungi ule mwezi mzima na zaidi, Mama, na mimi nimelala usingizi. Nitakuja mwenyewe nikipata ruhusa ya kamati. Nijibu kwa dereva huyu huyu, hata neno moja tu.

Kitindamimba wako


Nyumbani kwa Mama
8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Umenitia mbio bure, madirisha yote yako wazi na vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Na mwandiko umepinda barua nzima, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudishia.

Mtungi gani huo? Mtungi kaka yako aliuchukua zamani. Alikuja Jumamosi tarehe ishirini na mbili Machi, saa nne asubuhi, nimeiandika kwenye kalenda kwa sababu alikuja bila kubisha na alikuwa anahema. Hata maji hakunywa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akaufunga, akautoa mpaka uani mwenyewe, mtu ambaye tangu avae tai hajanibebea hata ndoo. Aliniletea jiko la umeme, jipya kwenye boksi. Nilimuuliza kulikoni, akasema gesi inanikoholesha. Nikamwambia sikohoi. Akasema nitakohoa.

Nilisikitika, nikwambie kweli. Ilikuwa zawadi yako na haukuwa umefika hata nusu. Nilikuwa nimekwisha uandika tarehe kwa rangi yangu nyekundu pale chini kwenye kitako, tarehe kumi na tisa Januari, siku uliyoniletea. Alinikataza nisikwambie, usije ukadhani nimeidharau. Ndiyo maana nimenyamaza, na kunyamaza huko hakujanikaa vizuri.

Mtungi wenyewe aliupakia kwenye lori la kampuni lililokuwa linapita kwenda huko kwenu, urudi pamoja na mitupu mingine. Nilimsikia akimwambia dereva, "Upeleke tu ukajazwe, hauna tatizo."

Sasa nifafanulie. Unasema barua hakuifungua. Kama hakuifungua, alijuaje?

Mama yako


Kumb. Na. 348
IMEPOKELEWA MASIJALA, 15 MEI

Kwa: Mkuu wa Ubora, Makao Makuu
Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Uchunguzi
Nakala: Mama

YAH: MTUNGI WENYE CHAPA 17

Kaka,

Hapo juu ilitakiwa niandike "Ndugu Mkuu". Nimeandika nikafuta, nimeshindwa. Karani wa masijala aliniuliza dirishani, "Hii ya nyumbani au ya kazi?" Nikamwambia ya kazi. Akagonga muhuri, akaandika namba, ikawa imekwisha. Haikuchukua hata dakika mbili. Nimekaa kwenye benchi lenu pale nje nikizifikiria zile dakika mbili nilizozikosa mwezi wa tatu kwa kukutii wewe.

Jumatatu niliwaomba wanakamati waupindue mtungi wa Shangazi. Walikuwa wameupiga picha kila upande isipokuwa kitako. Fundi wa boila aliufuta masizi kwa kitambaa chenye mafuta. Ilitokea rangi nyekundu, kwa mwandiko wa ubaoni ambao mimi na wewe tulifundishwa nao kusoma: 19 Januari. Mwenyekiti akauliza ni nani huyu anayeandika tarehe kwenye mtungi wa gesi. Nikamwambia ni mama yetu. Nikampa barua yake.

Kwa hiyo siulizi tena kama ulisoma. Sehemu moja tu duniani ilikuwa imeandikwa kwamba mtungi wa Mama ni mbovu, nayo ilikuwa ndani ya barua ya pili. Siku saba baadaye ulikuwa jikoni kwake unahema. Ulivyoifungua ukaifunga tena sijui, na sina haja ya kujua. Ulinisadiki, Kaka. Ndilo linaloniuma kuliko kukanwa. Ungeniona mwongo, au mwoga, au mtoto anayetia kidole kila mahali, ningekusamehe kabla jua halijazama. Ulinisadiki kabisa, ukamtoa mama yetu kwenye hatari, kisha hatari hiyo hiyo ukaipakia kwenye lori ukaniletea, ukasema ikajazwe, haina tatizo. Sisi tukaijaza tukamuuzia Shangazi.

Najua hukumlenga yeye. Hukumlenga mtu yeyote. Ulitaka tu uende kwa mtu usiyemjua. Ulikosea kidogo tu, ukaenda kwa mtu anayekuwekea sahani.

Mpango wako wa uchovu nimeukataa. Sikuwa nimechoka. Nimewaeleza kamati kwamba kuanzia tarehe nne Machi mpaka siku niliyosimamishwa niligonga chapa mitungi mia saba na kumi na miwili huku nikijua geji ni mbovu, nikingoja kaka yangu aseme neno. Nitalijibu hilo popote watakaponipeleka. Nimewapa na orodha ya namba za mitungi yote, na mashine imesimamishwa tangu jana. Boksi lako la viatu wanalihitaji. Tangu leo una siku saba.

Shangazi wanamtoa bandeji ya mkono wa kulia wiki ijayo. Vidole viwili havitakunjuka. Nimemweleza yote, na nikamsomea na barua ya Mama. Aliniuliza tu kama wewe una watoto.

Mama ameisoma hii kabla sijaileta. Hakusahihisha kitu. Amesema nikwambie jiko lako la umeme liko mlangoni kwenye boksi lake, uje ulichukue, ameliandika tarehe.

Mpimaji, Na. 17